Skrini nyeusi Migori na Homa Bay: Ni kilima, ni mtambo au ni amri?

MANENO ‘hakuna mawimbi’ yanapojitokeza kwenye runinga kule Nyatike, Ndhiwa au Mbita, mtazamaji hana njia rahisi ya kujua kilichompata. Huenda upepo wa ziwani umegeuza antena. Huenda kilima kimekinga mawimbi, au mtambo wa kupeperushia matangazo umezimika kwa kukosa stima. Na huenda pia, kama ilivyotokea humu nchini zaidi ya mara moja, kuna mwenye mamlaka aliyeamuru kituo kizimwe. Katika hali zote hizo skrini huandika maneno yale yale.

Suala hili si dogo katika kaunti za Migori na Homa Bay. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Hilo ni eneo lenye wakazi zaidi ya milioni mbili ambako siasa za kitaifa hufuatiliwa kwa makini, na ambako watu wana sababu ya kushuku runinga inapozimika ghafla.

Mnamo Januari 30, 2018, serikali ilizima matangazo ya vituo vya Citizen, NTV na KTN siku ambayo marehemu Raila Odinga alikula kiapo katika bustani ya Uhuru Park kama ‘Rais wa Wananchi’. Mahakama Kuu iliagiza Februari 1 vituo hivyo virejeshwe hewani, lakini siku kadhaa zilipita kabla ya agizo hilo kutekelezwa. Kisha Juni 25, 2025, vijana walipoandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano nchini (CA) iliamuru vituo visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano. Mawimbi ya baadhi ya vituo yalikatwa, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati na kusimamisha amri hiyo.

Wakati wa mfumo wa zamani wa analojia, mtazamaji aliye mbali na mlingoti aliona picha yenye chengachenga, lakini aliiona. Sauti nayo ilikwaruza ila ilisikika, na aliyetaka kujua nani anaongoza katika kura angeweza kuvumilia. Mawimbi yalipodhoofika yalidhoofika polepole, na kila mtu nyumbani alijua kwamba antena yahitaji kuzungushwa. Kituo kilichozimwa nacho kilijulikana, maana vituo vingine viliendelea kuonekana na chengachenga zao za kila siku.

Dijitali haidhoofiki namna hiyo. Picha huwa safi kabisa hadi kikomo fulani, kisha hugandaganda vipande vipande, na hatua chache zaidi hupotea yote. Nyumba mbili za kijiji kimoja, moja juu ya mwinuko na nyingine bondeni, huweza kuwa pande mbili tofauti za kikomo hicho. Kinachoamua ni hesabu za kusahihisha makosa, ambazo ni nadra kuzungumzwa nje ya vyumba vya wahandisi, ingawa ndizo zinazogawa raia kati ya wanaoona na wasioona.

Hesabu hizo si uchawi. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa omena anayetuma orodha ya magunia kutoka Sori hadi Kisumu. Kwenye karatasi ameandika idadi kwa safu, kila safu na jumla yake, na kila wima na jumla yake. Njiani maji yanafuta tarakimu moja. Mpokeaji hahitaji kupiga simu: jumla za safu na za wima zitamwonyesha ni tarakimu ipi iliyoharibika, na ilikuwa ngapi. Zile jumla hazina gunia hata moja ndani yake. Zimechukua nafasi kwenye karatasi kwa sababu moja tu, nayo ni kuokoa tarakimu zilizobaki.

Mfumo wa runinga unaotumika Kenya, DVB-T2, hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa mno. Unatumia misimbo miwili iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ni LDPC, uliobuniwa na Robert Gallager katika tasnifu yake ya 1960 kwenye chuo cha MIT, Marekani, ukasahaulika kwa zaidi ya miaka 30 kwa kuwa kompyuta za enzi hizo hazikuwa na nguvu ya kuufumbua, kisha ukafufuliwa miaka ya tisini. Wa pili ni BCH, wenye herufi za majina ya Bose, Ray-Chaudhuri na Hocquenghem, walioubuni kati ya 1959 na 1960. LDPC hufanya kazi nzito, na BCH huokota makosa machache yaliyobaki.

Sehemu inayohusu swali la skrini nyeusi, hata hivyo, si picha yenyewe. Ni ile ambayo wahandisi huita data za ishara, au kwa lugha nyepesi, data elekezi. Kabla ya kufungua picha, king’amuzi lazima kijue mambo kadhaa: je, haya ni mawimbi ya DVB-T2? Yamepangwaje? Yamelindwa kwa msimbo upi? Kundi hili lina mikondo mingapi na kila mkondo unaanzia wapi? Majibu yote hayo husafirishwa na mawimbi yenyewe, mwanzoni mwa kila fremu, na fremu moja haizidi robo ya sekunde. Data elekezi zikipotea, chaneli zote za kundi hilo hupotea kwa pamoja, hata kama data za picha zimefika salama.

Kwa sababu hiyo walioandika kiwango hicho walizilinda kwa kiasi ambacho mtu asiyejua angekiona kama ubadhirifu. Ishara ya kwanza kabisa ina biti saba tu za habari, lakini biti hizo saba hutandazwa juu ya mawimbi madogo 384. Sehemu inayofuata ina biti 200, ambazo hulindwa hadi zikawa biti 1,840. Yaani kwa kila biti moja ya habari, zaidi ya nane ni za ulinzi. Zimeundwa zisomeke hata pale ambapo kelele hewani inalingana na mawimbi au kuyazidi. Picha haiwezi kupewa anasa hiyo. Kama ingelindwa vivyo hivyo, kundi zima lisingetosha chaneli zaidi ya chache.

Matokeo yake yana manufaa ambayo watazamaji wengi hawajui kwamba wanayo. Kwa kuwa data elekezi husalimika hata picha inapokufa, huweza kutumika kama shahidi. Vingi vya ving’amuzi vina ukurasa wa hali ya mawimbi wenye vipimo viwili: nguvu na ubora. Nguvu ni wingi wa kinachoingia kwenye antena, hata kama ni kelele. Ubora ni kiasi ambacho king’amuzi kimeweza kukisoma na kukisahihisha.

Tuseme ubora uko juu, chaneli nyingine za kundi hilo zinaonekana, lakini chaneli moja haina kitu. Hapo antena haina kosa, wala kilima. Data elekezi zimefika na zimesomeka; kilichokosekana kimekosekana kabla ya mlingoti. Ni kituo chenyewe kimepatwa na hitilafu, au kiungo chake na kampuni inayopeperusha, au kimeondolewa (au, kwa chaneli za kulipia, malipo yamekwisha). Sasa tuseme nguvu ipo lakini ubora ni sufuri kwa kundi zima. Kuna kitu kinachoingia, ila makosa yamezidi uwezo wa msimbo. Hapa ndipo wengi hukimbilia dukani kununua kifaa cha kukuza mawimbi, nacho hukuza kelele kwa kiasi kile kile na kuiacha skrini ilivyokuwa. Kuinua antena juu ya paa, au kuisogeza hatua chache ili ikwepe mawimbi yanayorudishwa na mabati ya jirani, husaidia zaidi. Na iwapo kundi la kampuni moja limetoweka lote huku la nyingine likionekana vizuri kama kawaida, basi inaelekea kwamba mtambo wa kampuni hiyo ya kwanza haupo hewani. Antena iliyoanguka hufuta yote.

Kwa hiyo maneno ‘hakuna mawimbi’ mara nyingi si kweli. Mawimbi yapo. Watengenezaji wa runinga wangeweza kuandika ‘mawimbi yamefika lakini hayasomeki’, au ‘kundi lipo, kituo hakipo’, kwa kuwa kifaa chenyewe kinajua tofauti hiyo ndani ya sekunde chache. Wamechagua maneno mawili, na raia amebaki kukisia.

Kuna jambo jingine ambalo Wakenya wamelisahau haraka. Uzinduzi wa matangazo ya dijitali, uliofanywa na Rais Mwai Kibaki Desemba 2009, ulifanyika kwa mfumo wa kwanza, DVB-T. Huko data elekezi zilikuwa nyembamba zaidi: biti 68 kwa fremu, 37 zikiwa za habari na 14 za ulinzi. Baadaye nchi ikahamia DVB-T2, ambao hubeba chaneli nyingi zaidi katika masafa yale yale. Uamuzi ulikuwa wa busara. Uingereza, iliyotangulia kuutumia mfumo huo Desemba 2009, ilipandisha uwezo wa kundi moja kutoka megabiti 24 hadi 40 kwa sekunde. Lakini ving’amuzi vya mfumo wa kwanza havikuweza kusoma data elekezi za mfumo wa pili. Aliyekuwa amenunua kimoja alibaki na kisanduku kinachopokea mawimbi yenye nguvu bila kuambulia chochote, na hakuna antena ambayo ingemsaidia.

Historia iliyofuata inakumbukwa zaidi kwa sababu ya mahakama. Mzozo kuhusu nani apewe leseni ya kupeperusha ulifika Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Septemba 29, 2014. Mitambo ya analojia ilipozimwa Februari 14, 2015, Citizen, NTV na KTN vilikaa nje ya hewa kwa karibu wiki tatu. Migori iliwekwa katika awamu ya mwisho ya kuhama, iliyopangiwa Machi 30, 2015, pamoja na maeneo kama Garissa, Kitui na Lodwar, ili Kenya itimize makataa ya kimataifa ya Juni 17, 2015. Tangu hapo nchi ina wapeperushaji wakuu watatu: Signet, iliyo chini ya shirika la KBC, Pan African Network Group, na African Digital Network ya vyombo vya habari vya humu nchini. Mjadala wote wa miaka hiyo ulikuwa juu ya nani ashike mtambo. Ni wachache waliouliza mtambo utawekwaje.

Hapo ndipo penye uamuzi mzito. DVB-T2 humpa mpeperushaji orodha ndefu ya machaguo. Anaweza kutenga nusu ya biti za picha kwa ulinzi, au theluthi, au hata moja ya sita. Anaweza kuzipanga biti kwa wingi katika kila wimbi dogo, au kwa uchache. Akizisongamanisha na kupunguza ulinzi, hupata nafasi ya chaneli zaidi, na kila chaneli inayopakiwa huleta kodi. Akilegeza, mawimbi hufika mbali zaidi na kupenya mabonde, lakini nafasi ya kuuza hupungua. Kwa hesabu ya takriban, kutoka ulinzi wa theluthi hadi ulinzi wa nusu, mambo mengine yakibaki yalivyo, hupunguza uwezo wa kundi kwa robo: megabiti 40 huwa 30. Hata sehemu ya pili ya data elekezi, inayoeleza mikondo ya kundi, haina ulinzi usiobadilika kama zile biti 200. Mpeperushaji huchagua ipangwe kwa uchache au kwa wingi, na akichagua vibaya, elekezi huweza kufa kabla ya picha inayoielekeza.

Nairobi, penye nyumba nyingi karibu na mitambo, chaguo la kusongamanisha halimuumizi mtu sana. Kando ya Ziwa Victoria hali ni tofauti. Milima ya Gwassi imesimama kati ya sehemu za Suba na nchi ya ndani. Mlima Homa na vilima vya Ruri hukata njia ya mawimbi upande wa kaskazini na wa kati. Visiwa vya Mfangano na Rusinga hupokea mawimbi yaliyopita juu ya maji, na uso wa maji huyarudisha mawimbi kama kioo, hivyo antena hupata nakala mbili za kitu kimoja, moja ikichelewa. Katika hali fulani za hewa, joto juu ya ziwa huweza kubeba mawimbi ya mbali yasiyotakiwa hadi yakagongana na ya hapa. Upande wa kusini, Isebania na Kuria zimepakana na Tanzania, na masafa lazima yapangwe kwa makubaliano ya nchi mbili chini ya mkataba wa Geneva wa 2006.

Kuna pia kelele za karibu. Pikipiki ya bodaboda ikiwashwa, mashine ya kusaga ikianza kuzunguka, au fundi akichomelea chuma, hutoka cheche fupi zinazochafua masafa. Picha ya DVB-T2 ina kinga dhidi ya hilo: biti zake hutawanywa katika muda, ili cheche moja isile neno zima. Data elekezi hazitawanywi kwa muda mrefu namna hiyo, kwa sababu king’amuzi kinazihitaji mara moja. Ni udhaifu mdogo, kwani king’amuzi kizuri hukumbuka elekezi za fremu iliyotangulia na kuendelea nazo. Kile cha bei rahisi huweza kuanza kutafuta upya, na kwa mtazamaji hizo ni sekunde kadhaa za skrini nyeusi kila jirani anapowasha mashine.

Nchi nyingine zimeendelea mbele katika jambo hili. Mfumo mpya wa Marekani, ATSC 3.0, ambao Korea Kusini ilianza kuutumia Mei 2017, humpa mpeperushaji viwango saba vya ulinzi kwa data elekezi za msingi, kuanzia kwa wanaotazama na antena ya paani hadi kwa kifaa cha mkononi kilicho ndani ya nyumba. Hakuna haja ya Kenya kubadilisha mfumo tena. Ingekuwa ukatili kumtaka mkulima wa Uriri anunue king’amuzi cha tatu. Linaloonekana katika mfano huo ni kwamba kiwango cha ulinzi huchaguliwa na binadamu, na chaguo hilo huamua ni nani atakayefikiwa.

Katika mijadala kuhusu runinga nchini, kipimo kinachotajwa mara nyingi ni asilimia ya watu wanaofikiwa na mawimbi. Takwimu ya namna hiyo ina kasoro mbili. Hukokotolewa kwa kudhania antena fulani katika kimo fulani, si kile kipande cha waya kilichotundikwa dirishani. Na haisemi msimbo upi umetumika, ilhali kubadilisha msimbo pekee, bila kugusa mlingoti, kunaweza kuongeza au kupunguza maelfu ya nyumba. Wenye uwezo wameshajitoa kwenye utata huo kwa kununua dishi la setilaiti. Wasio na uwezo hutegemea antena na bahati, na ndio hao hao wasiomudu bando za kutazama habari kwenye simu.

CA ingeweza kumaliza sehemu kubwa ya kukisia huku bila kujenga mlingoti hata mmoja. Kwa kila mtambo unaohudumia Migori na Homa Bay, itangaze masafa yake, msimbo wa picha, mpangilio wa data elekezi, na orodha ya vituo vilivyomo. Kisha itangaze, siku kwa siku, mtambo upi umezimika, saa ngapi na kwa nini. Hakuna siri ya kibiashara katika mengi ya hayo: mtu mwenye kipokezi cha kompyuta cha bei nafuu anaweza kuyasoma moja kwa moja hewani, kwani data elekezi hazifichwi. Kinachokosekana ni kauli rasmi ambayo mkazi wa Karungu anaweza kuilinganisha na anachokiona, na ambayo wakili anaweza kuipeleka mahakamani iwapo kituo kitatoweka tena siku ya maandamano au usiku wa kuhesabu kura.

Uchaguzi mkuu umepangiwa Agosti 10, 2027. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kujua anachohitaji ili anufaike na huduma anayopewa. Ombi la kujua mitambo ya Migori imepangwa kwa ulinzi gani linaweza kuwasilishwa na mtu yeyote, kwa barua ya ukurasa mmoja. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, afisa wa umma ana siku 21 za kuijibu.